Kutoka Nairobi hadi Taita kwa Peugeot 504: siku tatu za kuyafuata magari ya kale

Kabureta504

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu. Niliahidi kuandika juu ya safari yetu ya kwenda kutazama Safari Rally ya magari ya kale, na kwa kuwa vumbi la Taita bado limo katika zulia la gari langu, naona afadhali niandike sasa kabla halijaoshwa pamoja na kumbukumbu. Maelezo ni marefu. Mwenye haraka na aruke hadi mahali gari lilipozimika, maana huko ndiko kwenye maneno.

Kwa asiyeyafahamu mashindano haya: yalianza mwaka 2003, kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili, huchukua zaidi ya wiki moja, na hushindanisha magari ya aina zilezile zilizovuma katika Safari Rally ya zamani. Utaona Ford Escort, Datsun 240Z, Porsche 911 na wenzao, yote yakiwa ya kusukumwa na magurudumu mawili tu. Sisi hatukuwa na wiki nzima ya kupoteza. Tulikuwa na Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo tukachagua siku ambazo magari yangepita Taita-Taveta.

Tulikuwa wanne. Dereva ni mimi. Aliyekaa kando yangu ni Mwalimu, ambaye alifundisha hisabati kwa miaka thelathini na ambaye hukunjua ramani ya karatasi hata simu ikiwa mkononi mwake. Nyuma alikaa shemeji yangu, tunayemwita Mhasibu kwa sababu ndiyo kazi yake na ndiyo tabia yake, na jirani yangu tunayemwita Injinia, ingawa kazi yake hasa ni kuuza vigae. Naomba mlikumbuke jambo hilo la vigae.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya marehemu baba, lililounganishwa papa hapa nchini, la petroli, lenye kabureta ya kuchanganya petroli na hewa, na lenye viti ambavyo ukivikalia husahau kwamba una kiuno. Wazee wenzangu mnaikumbuka 504 ya steshen wagoni iliyokuwa ikibeba abiria wa masafa marefu, dereva akikimbia kana kwamba naye amepewa namba ya mashindano. Hili langu ni la kawaida, lakini moyo ni uleule. Wiki moja kabla ya safari nilikwenda kwenye duka moja la spea katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengine bado tunaiita Grogan, nikanunua plagi, pointi na kondensa, yaani vile vidude vya kutengeneza cheche ya kuwasha petroli, pamoja na mkanda wa feni na mipira ya redieta. Kondensa ilikuwa ndani ya kijisanduku kinachong'aa na bei yake ilikuwa ya kushangaza kwa udogo. Mhasibu aliisifu bei hiyo, nami nikajiona mjanja.

Tuliondoka Buruburu saa kumi na nusu alfajiri. Kufikia Mlolongo tulikuwa tumekwisha kuingia katika foleni ya matrela, na kuanzia hapo hadi Salama kazi yangu ilikuwa kuhesabu taa nyekundu za mbele yangu na kusubiri nafasi ya kupita. Gari la zamani hukufundisha subira kwa namna ambayo gari jipya haliwezi: huna nguvu za kumpita mtu kwa kukurupuka, kwa hiyo unaanza kupanga kupita kwako kilomita nzima kabla. Tulipofika Emali kumekucha, Mwalimu akanigusa bega bila kusema neno, nikaangalia kulia. Kilimanjaro ulikuwa umesimama peke yake juu ya ukungu, theluji yake ikiwa na rangi ya waridi. Baada ya nusu saa mawingu yalikuwa yameufunika na usingeweza kumshawishi mtu kwamba kuna mlima upande ule.

Makindu tulisimama katika hekalu la Masingasinga. Kama hujawahi kufika, ni hivi: unavua viatu, unafunika kichwa, unaingia katika ukumbi wa chakula, unapewa chapati, dengu, wali na chai, na hakuna anayekuuliza dini yako wala kukudai senti. Hekalu hilo lilijengwa mwaka 1926, na limekuwa likiwalisha wasafiri wa barabara hii kwa vizazi kadhaa. Mhasibu aliweka mchango kisandukuni na, mara ya kwanza katika maisha yake, hakuandika kiasi katika daftari.

Nitaendelea jioni.

NyotaYaKusini

Tunashukuru kwa simulizi, ila nina swali la mtu mvivu. Kwa nini hamkupanda treni ya SGR hadi Voi na kukodi gari huko? Mngefika mmepumzika.

Kabureta504

Swali lako ni la haki, dada, na shemeji yangu aliliuliza mara tatu, zote zikiwa kati ya Kibwezi na Mtito Andei. Jibu langu ni kwamba mtu anayekwenda kutazama magari ya mwaka 1974 yakipigana na joto na mashimo atayaelewa vizuri zaidi ikiwa naye amepigana na joto hilohilo. Jibu la shemeji yangu kwa jibu hilo siwezi kuliandika hapa.

FundiWaGrogan

Kabla hujaendelea, nakisia: lilizimika kwenye joto, likakaa dakika ishirini, likawaka kana kwamba halikuwa na neno. Je, nimekosea?

Kabureta504

Hujakosea hata kidogo, fundi, na laiti ungekuwa nasi.

Tulipita Kibwezi kama saa nne, jua likiwa limeanza kuuma. Kilomita chache mbele, tukiwa tunapanda mwinuko nyuma ya lori la saruji, injini ilikohoa mara mbili na kunyamaza. Nililiacha gari liserereke hadi kwenye ukingo wa barabara, tukaweka pembetatu, tukafungua boneti. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Geji ya joto la maji ilikuwa katikati, mkanda wa feni ulikuwa umekaza, na petroli ilikuwa zaidi ya nusu tangi.

Hapo ndipo Injinia alipotoa uamuzi. Alieleza, kwa ufasaha ambao hadi leo nauheshimu, kwamba petroli hugeuka mvuke ndani ya bomba likipata moto kupita kiasi, kwamba pampu imeundwa kusukuma kimiminika na haiwezi kusukuma mvuke, na kwamba dawa yake ni kuipoza pampu. Maelezo hayo ni ya kweli kabisa. Ugonjwa huo upo, na magari ya kabureta huupata. Tukalowesha kitambaa, tukakifunga kwenye pampu, tukamwagia maji ya kunywa juu yake, tukakaa chini ya mgunga tukila machungwa ya Kibwezi. Baada ya dakika ishirini nikapiga starta na gari likawaka mara moja. Injinia alipokea pongezi kwa unyenyekevu.

Tulikwenda kilomita kumi na mbili, likazima. Kitambaa, maji, dakika ishirini, likawaka. Tulikwenda kilomita tisa. Sasa mtaona mtego uliotunasa: kila mara dawa ilikuwa ikifanya kazi! Tungeweza kuapa mahakamani kwamba maji yanaliponya gari lile, kwa kuwa tuliyamwaga na gari likapona. Mwalimu peke yake ndiye aliyeanza kunung'unika kuhusu jambo moja, kwamba hatujawahi kujaribu kukaa dakika ishirini bila kumwaga maji. Hatukumsikiliza, kwa sababu alikuwa mtu wa hisabati na mwenzake alikuwa na cheo cha Injinia.

Mwendo wa takriban kilomita hamsini hadi Mtito Andei ulituchukua saa tatu. Maji ya kunywa yaliisha. Matrela yote niliyokuwa nimeyapita kwa ustadi tangu Mlolongo yalitupita moja baada ya jingine, na baadhi ya madereva walitupungia mkono.

Kando ya mji wa Mtito Andei, nyuma ya vibanda vya maembe, tulimkuta mzee mmoja fundi wa jua kali akiwa na benchi, mkebe wa maziwa ya unga uliojaa vikorokoro, na redio ndogo. Hakuuliza lolote kuhusu pampu. Aliuchomoa waya wa plagi moja, akausogeza karibu na chuma cha injini, akaniambia nipige starta. Cheche iliyotoka ilikuwa hafifu, ya manjano, kama ya kiberiti kilicholoa. Kisha akafungua kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa umeme kwa plagi, akaangalia pointi, akatuita tuangalie sisi sote: nyuso zake mbili ndogo zilikuwa zimeungua na kuwa nyeusi, ingawa hazikuwa zimemaliza wiki mbili.

«Nani alikuuzia hii kondensa?» aliuliza. Nikamwambia. Hakucheka, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Aliumimina mkebe juu ya gazeti, akachambua kwa kidole, akatoa kondensa ya zamani yenye kutu nje, akasema ilitoka kwenye Datsun 120Y iliyokatwa vyuma miaka mingi iliyopita. Haikuingia kwenye nafasi ya 504, kwa hiyo aliifunga nje kwa waya hadi kwenye mwili wa distribyuta, akakwangua rangi ili chuma kigusane na chuma, akasugua pointi kwa msasa wa kucha alioomba kwa Mhasibu. Cheche ya pili ilikuwa ya buluu na ilitoa mlio. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kikombe cha chai. Aliomba tumwachie ile kondensa mpya, si kwa sababu ina faida, bali kwa kuwa hukusanya zilizokufa ili awaonyeshe vijana anaowafundisha.

FundiWaGrogan

Niruhusu niwaeleze wasomaji kile mzee huyo alichokiona, maana ni somo zuri.

Pointi ni swichi ndogo. Kila zinapoachana, umeme uliokuwa ukipita kwenye koili hukatwa ghafla, na kukatwa huko ndiko kunakozaa umeme mkali unaokwenda kwenye plagi. Lakini umeme haupendi kukatwa. Hujaribu kuruka lile pengo dogo la pointi. Kondensa hukaa hapo kuupokea mruko huo. Ikiwa mbovu, umeme unaruka kwenye pointi badala ya kwenye plagi: pointi zinaungua, cheche inakuwa ya manjano, injini inazima. Kondensa duni ikiwa baridi hufanya kazi vizuri, na ikipata moto kinga yake ya ndani hushindwa. Ukiiacha ipoe, inafufuka. Ndiyo maana ugonjwa wake unafanana sana na ule wa petroli kugeuka mvuke, na ndiyo maana watu humwagia pampu maji na kuondoka wakishangilia.

Tofauti unaipata kwa jaribio alilolifanya mzee. Gari likizima, kabla hujagusa maji, angalia cheche kwanza. Cheche ikiwa na nguvu, endelea na petroli. Cheche ikiwa dhaifu, iache pampu ya watu.

Nami nakiri kwa niaba ya mtaa wangu kwamba kondensa za kijisanduku kinachong'aa zimejaa siku hizi. Ya zamani iliyotolewa kwenye gari linalotembea ni bora kuliko mpya usiyoijua mzazi wake.

MzeePasaka

Nimefurahi kusoma habari za kondensa, lakini kijana wetu ametuacha Mtito Andei ilhali mashindano yako Taita. Wakati tunamsubiri, nami nina la kusema kuhusu kwa nini magari haya yanatutoa machozi watu wa rika langu.

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye, kwa miaka mingi, ilikuwa ni jambo la Pasaka, msimu wa masika, na barabara hazikufungwa. Gari la mashindano lilikuwa likikutana na basi, punda, na harusi. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu, na mwaka 1968 yakamaliza saba tena, na miaka yote miwili aliyeshinda alikuwa Nick Nowicki akiendesha Peugeot 404, ambayo ni shangazi wa gari lako, Kabureta.

Mimi mwaka 1973 nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Tulikaa karibu na redio, Sauti ya Kenya, tukiwa na karatasi ya kuandikia pointi za adhabu, zile wanazopewa wanaochelewa. Shekhar Mehta na Harry Källström, wote katika Datsun, walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa. Baba alisema watagawana kombe kama mkate. Lakini ushindi alipewa Mehta, kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Alikuwa amefukuzwa Uganda pamoja na jamaa zake mwaka mmoja tu kabla. Baadaye akashinda mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1979 hadi 1982, na jumla yake ikawa mara tano.

Halafu kuna Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Kila nilipofika Makindu katika hekalu lile nililiwaza jina lake, ingawa sina ushahidi kwamba aliwahi kusimama hapo hata kwa chai.

Mlipakodi

Sitaki kuwaharibia utamu, lakini semeni ukweli. Huu ni mchezo wa matajiri wanaoleta Porsche kwa meli, wanatimua vumbi juu ya mbuzi wa watu, kisha wanaondoka. Mwananchi wa Mwatate, huko Taita, anapata nini?

Kabureta504

Ndugu Mlipakodi, nitakujibu, ila kwanza nimalizie safari, kwa sababu jibu langu limo humo.

Kutoka Mtito Andei hadi Voi gari halikukohoa tena. Tuliwaona ndovu wa Tsavo, wekundu kwa udongo, kwa mbali, tukalala Voi tukiwa hoi. Jumamosi tulitoka alfajiri tukashika barabara ya Taveta, tukapita Mwatate na mashamba yake ya mkonge, kisha tukaingia barabara ya murram kufuata ramani ya Mwalimu. Hakuna aliyetudai kiingilio. Msimamizi mmoja aliyevaa fulana inayong'aa alitukataza kusimama nje ya kona, mahali ambapo gari likiteleza ndipo linapokwenda, akatuelekeza kwenye mwamba upande wa ndani. Hapo palikuwa tayari na watoto wapatao arobaini, wazee wawili wenye viti vyao, na mchungaji aliyekuja na mbuzi wake wote.

Unaanza kusikia kabla ya kuona. Kimya cha nyika, ndege, kisha mlio mwembamba kama wa nyuki aliyenaswa kwenye chupa, unaopotea bondeni na kurudi ukiwa mnene zaidi. Halafu unaona vumbi likiinuka juu ya vichaka, likitembea, na gari bado halijaonekana. Porsche ya kwanza ilitokea ikiwa imeelekea upande ambao haiendi. Yaani pua ilikuwa inatutazama sisi huku gari zima likisogea kuelekea Taveta. Mawe yalipiga sakafu yake kama mvua ya mawe juu ya bati. Kabla hatujafunga midomo, imeshapita, na vumbi lake likatukalia. Mchungaji alikuwa ameshafunika uso kwa kanga. Sisi wa Nairobi tulikuwa tunakodoa macho, na tulilipa.

Kati ya gari na gari huachwa muda ili vumbi litulie, lakini siku ile upepo haukuwepo na vumbi lilining'inia. Ndipo nilipoelewa kazi ya mwelekezi, yule anayekaa kando ya dereva akimsomea kona. Escort ya nne au ya tano iliingia ndani ya ukuta wa vumbi ambao mimi nisingeuingia kwa miguu, bila kupunguza mwendo, kwa kuwa kuna mtu aliyekuwa akimwambia dereva kilichomo. Mwalimu aliikunja ramani yake polepole na kuitazama kwa heshima mpya.

Watoto walikuwa wakiyatambua magari kwa sauti kabla hayajaonekana. Kijana mmoja wa miaka kama tisa alitamka «Datsun!» na ikawa Datsun, silinda sita mstari mmoja, sauti kama ya kitambaa kizito kinachochanwa. Nilimuuliza amejuaje. Alinijibu kwamba Porsche inakereza na Datsun inaimba.

Lakini nikiambiwa nichague saa moja tu katika siku zile tatu, sitaichagua ile ya mwambani. Nitachagua jioni yake, katika eneo la matengenezo, magari yaliporudi. Mafundi walikuwa na muda maalumu, na kila dakika ya ziada ni adhabu. Nilimwona fundi mmoja akiwa ameingia chini ya gari ambalo bomba lake la moshi bado lilikuwa likinguruma kwa joto, mikono yake imefungwa vitambaa, akishusha gia boksi kifuani kama mtu anayepokea mtoto. Wenzake wawili walimpa spana bila yeye kuomba. Walikuwa wakizungumza Kiswahili, ndugu Mlipakodi. Mmoja aliniambia karakana yao iko Eneo la Viwanda, Nairobi, na kwamba gari lile wamelijenga upya kuanzia bodi tupu.

Nilimwomba aniruhusu nichungulie injini ya Datsun iliyokuwa kando. Juu ya koili palikuwa na koili ya pili, haijaunganishwa, imefungwa tayari. Kando ya distribyuta kulikuwa na kondensa mbili, moja ikifanya kazi na moja ikiwa ya akiba na waya wake umeshakatwa kwa kipimo. Fundi akaniambia kwamba chochote kinachouawa na joto hubebwa viwili viwili, na cha pili hufungwa mahali pake kabla ya safari, kwa sababu usiku porini hutakipata kwenye sanduku. Nikamweleza habari za Mtito Andei. Alicheka hadi akaketi juu ya tairi.

Sasa jibu lako. Ni kweli kwamba kushiriki kunahitaji fedha ambazo mimi na wewe hatutaziona, na kwamba mbuzi walikula vumbi. Sitabisha. Lakini si kweli kwamba ni mchezo wa wageni peke yao: Ian Duncan, Mkenya aliyeshinda Safari ya mwaka 1994 kwa Toyota Celica, ameshinda na hii ya magari ya kale pia. Na ujuzi niliouona chini ya magari yale ni uleule wa mzee wa mkebe wa maziwa, tofauti ni taa na ovaroli. Mwananchi wa Mwatate alipata nini, hilo linafaa kuulizwa kwa waandaaji na kwa kaunti, na nitaunga mkono ukiliuliza.

MzeePasaka

Kwa kuwa mmetaja Porsche, niongeze moja kisha nikalale. Katika Safari ya zamani Porsche haikuwahi kushinda. Ilikuwa ya pili mwaka 1972, ya pili mwaka 1974, ya pili mwaka 1978. Yule wa mwaka 1974 alikuwa Msweden Björn Waldegård, aliyeshindwa na Joginder. Waldegård alikuja kuishinda Safari mara nne kwa magari ya kampuni nyingine. Kisha mwaka 2011, mzee aliyezaliwa mwaka 1943, akarudi katika mashindano haya ya magari ya kale akiwa na Porsche 911, mwanawe Mathias akiwa kando yake kama mwelekezi, akashinda. Alifariki mwaka 2014. Kwa hiyo anayesema haya ni mabaki tu ya Safari, mimi namwambia kuna deni la miaka thelathini na saba lililolipwa katika mabaki hayo.

NyotaYaKusini

Mzee, umenifanya nisimame jikoni nikisoma huku mchuzi ukiungua. Kabureta, naomba hesabu ya gharama. Nataka kuwashawishi wenzangu kwa safari ijayo, na mmoja wao ana Volkswagen ya zamani.

FundiWaGrogan

Mwenye Volkswagen aje kwanza nimwangalizie kondensa.

Kabureta504

Jumapili tulirudi bila tukio lolote la kusimulia, isipokuwa kwamba tulisimama Mtito Andei kumpelekea mzee kilo mbili za nyama na kumkuta amefunga benchi, amekwenda kanisani. Tuliiacha nyama kwa jirani yake wa maembe. Kondensa ya Datsun bado iko kwenye gari, imening'inia kwa waya, na ya pili nimeshaifunga kando yake.

Kuhusu gharama, nimeomba ruhusa ya kunakili daftari la Mhasibu. Petroli kwa safari nzima, pamoja na kuzungukazunguka Taita, ni lita tisini na moja. Malazi ni usiku mbili, vyumba viwili. Chakula cha Makindu hakijaandikwa, kama nilivyosema. Machungwa yameandikwa. Fundi wa Mtito Andei ameandikwa kwa kiasi ambacho ni kidogo kuliko bei ya kondensa bandia, na pembeni yake kuna alama ya mshangao. Mstari wa mwisho, kwa wino mwekundu, unasema: «Maji ya kunywa, chupa sita, yamemwagiwa pampu isiyo na hatia. Adaiwe Injinia.»